Mwalimu Lisiate, Aliyemfundisha Dada Yake Nyuma ya Ukuta

Marehemu Mwalimu Lisiate Taufui alizaliwa tarehe 14 Aprili 1949 katika kijiji cha Leimatuʻa, kisiwani Vavaʻu, nchini Tonga, akiwa kifungua mimba wa Mzee Siosaia Taufui na Mama Vaisima. Baada yake alizaliwa mtoto mmoja tu, dada yake Kalolaine, mwaka 1955. Wakiwa wadogo walilala mkeka mmoja na kugombania kiazi kimoja. Lisiate alipobalehe alihamishiwa kibanda cha vijana, kama mila yetu inavyotaka. Tangu hapo kaka na dada hawakukaa tena chumba kimoja, hawakutaniana, na neno lolote la maana lilipitia kwa mtu wa tatu.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari ya misheni mjini Neiafu, 1963 hadi 1967. Huko alikiona cha mtema kuni. Katika Kitonga kitenzi hakimsumbui mtu: iwe jana, leo au kesho, kinabaki vilevile, unatanguliza kineno kidogo na mambo yamekwisha. Kiingereza kikamwambia kwamba jana ya "go" ni "went". Akauliza, "Hiyo imetoka wapi, mwalimu?" Akapewa panga akafyeke majani ya uwanja. Alifyeka sana uwanja ule, na ndiyo maana baadaye hakumvumilia mtu aliyekosea vitenzi.

Alihitimu ualimu Nukuʻalofa, mji mkuu ulio kisiwa kingine, mwaka 1971, akafundisha Kiingereza katika shule za Vavaʻu hadi alipostaafu mwaka 2009. Tusidanganyane mbele ya jeneza: hasira zake zilikuwa karibu. Alisahihisha mahubiri, alisahihisha kadi za harusi. Binamu yake Feleti, aliyeko Auckland, alimwandikia barua ya msiba kwa Kiingereza, ikamrudia imejaa wino mwekundu. Feleti akapiga simu.

"Lisiate, nakuarifu mama mkwe wangu amefariki, wewe unanipa nne kwa kumi?"

"Ungeandika vizuri ningelia mapema," marehemu akajibu.

Tarehe 6 Desemba 1975 alimwoa Lupe Halatanu, mama huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye ameyaona mengi. Mwaka 1977 Kalolaine alitaka kwenda Nukuʻalofa kusomea uuguzi, na chuo kilidai cheti cha Kiingereza. Bingwa wa Kiingereza alikuwa kaka yake, nyumba ya pili tu, lakini angemfundishaje mtu asiyeweza kukaa naye? Basi ikawa hivi: Kalolaine aliketi ndani na wifi yake wakisuka mikeka, Lisiate akaketi barazani, ukuta wa mbao katikati, akisoma vitenzi kwa sauti. Majibu ya Kalolaine yalifikishwa na Lupe. Kalolaine akikosea, na alikosea kila jioni, Lisiate hakuweza kumkaripia, maana dada ni mkubwa kwa cheo hata akiwa mdogo kwa umri. Hasira zikamwangukia aliyekuwepo.

"Lupe! Mara ngapi nimesema si hivyo?"

"Mimi nimefanya nini? Mimi sina mtihani!"

"Una kichwa kigumu, mwanamke wewe!"

Kalolaine hucheka chinichini. "Wifi, mwambie mumeo nimechoka."

"Anasema amefurahi sana!" Lupe hupaza sauti.

Kalolaine alifeli mwaka huo. Akafeli 1978. Mwaka 1979 Lupe alimsindikiza, na kwa kuwa walikuwa wakiandikisha watu, naye akajiandikisha. Matokeo yakaja: Lupe amefaulu. Kalolaine amefeli, tena vibaya kuliko mwanzo. Hee! Kwa cheti kile Lupe alifanya kazi posta ya Neiafu mpaka akastaafu, na Kalolaine akarudi kwenye mikeka. Lisiate akafunga kitabu na hakurudi tena barazani kufundisha.

Jambo hilo lilimla roho. Kila mwanafunzi wake aliyefaulu alimtonesha kidonda. "Nimefundisha nusu ya kisiwa, nikashindwa kumfundisha ndugu yangu wa tumbo moja," alikuwa akisema, hata kwenye vikao vya kunywa kava, wenzake wakamchoka. Mara mbili alimtuma Lupe akamwombee radhi. Jibu lilikuwa lilelile: "Mwambie yamekwisha." Yeye alishikilia kwamba hajasamehewa, wala hakuambilika.

Kisukari kilimpata mwaka 2011, na Mei 2019 akakatwa mguu wa kushoto. Alifariki dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 3 Agosti 2022. Maneno yake ya mwisho kwa binti yake Siutiti, anayesoma wasifu huu, yalikuwa: "Ningekaa naye ana kwa ana, angefaulu."

Haya yafuatayo hayamo katika karatasi mlizoshika, maana yametokea asubuhi ya leo. Kabla jeneza halijafungwa, Kalolaine aliingia, akaketi upande wa kichwa cha kaka yake, mahali pa cheo chake. Akamsemesha mwenyewe, pasipo wa kumpokelea maneno.

"Lisiate, mtihani wa kwanza niliutaka kweli. Ile miwili niliifeli makusudi. Ningefaulu ningepelekwa Nukuʻalofa, na sauti yako ningeisikia wapi? Nikadhani mwaka wa nne utaendelea kunifundisha. Wewe ukafunga kitabu."

Lupe aliruka kama aliyeumwa na nge. "Kalolaine! Na maneno yote yale niliyotupiwa mimi? Mbona hukuniambia?"

"Ungemwambia."

"Siku hiyohiyo!"

"Basi ndiyo hivyo, wifi. Maneno kama hayo dada hamtumi mtu ayapeleke kwa kaka yake."

Familia imekasirika na haioni sababu ya kuficha. Tumempenda shangazi yetu na bado tunampenda, lakini neno moja tu, jamani, na mzee huyu angekufa mwepesi.

Marehemu ameacha mjane, Lupe, dada, Kalolaine, watoto wanne, Siutiti, Mosese, Pauline na Tupou, na wajukuu kumi na mmoja. Mola ampumzishe. Na kama marehemu husikia, basi baba, sikia sasa: hukushindwa. Ulikuwa unasikilizwa.