Mafundi Watano Wanastaafu Siku Moja

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, kampuni yetu ya kazi maalumu za ujenzi inawaaga fundi umeme, fundi bomba, fundi vigae, fundi rangi na fundi paa. Viti havitakuwa tatizo ukumbini, kwani wote ni mtu mmoja: Mzee Helmeti.

Alianza kama fundi umeme tu. Kila mwenzake alipoondoka, Bosi, kwa busara zake zisizo na mfano, hakuajiri mwingine; alimkabidhi Mzee helmeti ya aliyeondoka. Takwimu za ajira za jimbo zikitoka, Bosi hutusomea kifua mbele, kisha hujisifu kwamba yeye hajafuta nafasi hata moja. Ni kweli kabisa. Waliopungua ni watu tu.

Wateja nao hawakushtuka. Mama mmoja alikuja ofisini kulalamika kwamba fundi bomba ana kisirani, heri yule wa umeme, mstaarabu na mcheshi. Mzee alimnunia fundi bomba wiki nzima.

Kila mwaka aliomba msaidizi, mgongo ukimsumbua, na kila mwaka akajibiwa kuwa idara yake ndiyo yenye watu wengi kuliko zote.

Kisha binti yake akahitimu chuo cha ufundi, akaja kuomba kazi ya umeme. Akaambiwa nafasi imejaa. Aliyeijaza ni baba yake. Jioni hiyo Mzee alikaa stoo kwangu, helmeti mapajani. Iliniuma, na bado inaniuma. Kesho yake akaomba kustaafu mapema.

Bosi alipogundua kwamba wafanyakazi watano wanamtoka kwa mpigo, alimwajiri binti bila hata usaili. Jana asubuhi akamkabidhi helmeti zote mbele yetu, nasi tukapiga makofi kama tulivyoagizwa. Binti akashukuru kwa adabu, akavaa ya umeme, na nyingine nne akazipanga juu ya meza ya Bosi.

“Hizi za wenzangu, Bosi. Wakija utawapa.”

Mzee alicheka hadi akashika mgongo. Helmeti bado ziko pale mezani, kikombe kimekosa nafasi, na Bosi anakunywa chai amesimama.

Asante, Mzee wetu, kwa yote. Nendeni mkapumzike salama, nyote watano.