Bi. Mbinya na Programu Yake Wanastaafu, Nami Nina Wivu

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2007, Bi. Mbinya Muli anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika ofisi ya kadi ya hospitali yetu. Programu aliyoiandika kutunza kumbukumbu za wagonjwa inastaafu siku hiyo hiyo. Nimeombwa mimi niandike wasifu huu wa ratiba ya sherehe ya kumuaga, na jamani, hapa mmekosea mtu, kwa sababu nimemwonea huyu mama wivu miaka minane mfululizo.

Alianza mwaka wa 1979 akijaza kadi kwa mkono. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa mwaka wa 1990, wenzake waliiogopa. Yeye alijifunza lugha ya Pascal, toleo la tatu, kutoka kitabu kimoja kisicho na jalada, na baada ya miezi saba programu ikawa tayari. Kila jioni aliifunika skrini kwa kitambaa cha kufuma. Ukikitoa usikirudishe, utajua hujui.

Mimi nilifika mwaka wa 1999 na diploma yangu ya Nairobi, kuiokoa hospitali na ile hatari ya mwaka 2000, ambapo kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili zingedhani ni 1900. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Niliandika ripoti ya kurasa tisa. Kisha nikafungua programu yake, nikakuta miaka imeandikwa kwa tarakimu nne tangu siku ya kwanza. Alinieleza kwa upole kwamba kulikuwa na nyanya waliozaliwa 1898, na hakutaka ifike 1998 wapangiwe kliniki ya watoto. Siku hiyo nilikula chakula cha mchana peke yangu.

Tangu hapo nimeumia kimyakimya. Printa ikikwama, Mbinya aitwe. Daktari Ramzi, mkurugenzi wetu, alinipita mlangoni akienda kumwuliza yeye. Wagonjwa wa Ekalakala walimletea maembe, na mimi hata kokwa sikuonja. Huo ni wivu mtupu, wala siupaki rangi.

Kwa hiyo mwaka jana ilipoamuliwa programu yake iondolewe, nilifurahi. Toleo lile la Pascal lilikuwa limeachwa na watengenezaji wake zamani, hakuna aliyelirekebisha tena, na kompyuta mpya zililikataa. Nikapewa mimi kazi ya kuhamisha kumbukumbu zote hadi programu mpya. Nikasema, siku yangu imefika!

Programu yake ilikuwa na nafasi ya soko: kila mgonjwa aliulizwa huenda soko gani. Niliona ni ushamba, nikaifuta. Jina na mwaka wa kuzaliwa vitatosha, nilijiambia. Hata kwetu majina ya nyanya hurithiwa, na wazee wengi walikisiwa mwaka na karani wa vitambulisho, kwa hiyo nilipaswa kujua wengi watafanana, sina pa kujificha.

Kavutha Mulwa wa soko la Kola, Kavutha Mulwa wa Muthetheni na Kavutha Mulwa wa Ekalakala, wote wa 1938, wakawa mtu mmoja aliyevunjika mguu, akang'olewa jino na kupasuliwa jicho. Tungecheka, lakini sindano ya penisilini ingemuua yule wa Muthetheni, na onyo lake lilikuwa limepotea. Asubuhi moja ya Machi kadi yake mpya ilipotoka, Mbinya aliisoma, akaona onyo halipo, akakimbia nayo mpaka chumba cha sindano. Alimkuta mama huyo ameshakunja mkono wa blauzi.

Nilingoja anishtaki. Akamwambia mkurugenzi kwamba “tumeteleza kidogo,” eti sisi wawili. Kisha akakaa nami wiki tatu tukirudisha masoko kwenye majina elfu arobaini, bila kuninunia hata siku moja. Hata wema wake niliuonea wivu, na ukweli sikuusema.

Asante, Bi. Mbinya. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuamshe, na maisha yako yawe mema kuliko uliyotupa sisi.

Nanyi wenzangu, kipengele cha saba cha ratiba hii nimepangiwa cheti, kwa kuhamisha kumbukumbu zote bila kupoteza hata jina moja. Jina langu likitajwa, tafadhali msinipigie makofi. Geukeni mezani kwake, mumpigie yeye.

Wambugu, Kitengo cha Kompyuta