Walter Angwenyi na Aya Ambayo Padre Hakuionyesha

Wazee wetu, akina mama, jamaa wote wa Tabaka, wakwe zetu mliotoka Nyamira tangu alfajiri, na wafanyabiashara wa Kisii mjini mliofunga maduka yenu siku ya leo, familia inawakaribisha. Anayesoma mbele yenu ni Obwocha, mdogo wake marehemu, na haya aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, kwa hiyo atakayekasirika ajue wa kumkasirikia.

Marehemu Walter Angwenyi alizaliwa hapa Tabaka, mtoto wa tatu wa mzee Angwenyi mchimba mawe. Cheti chake cha ubatizo kinasema alizaliwa tarehe 3 Mei 1909, tarehe iliyoandikwa na padre ambaye hakuwepo, ilhali mama yetu, ambaye alikuwepo, alishikilia mpaka kufa kwake kwamba siku hiyo wanawake walikuwa shambani wanavuna wimbi, na hakuna mtu hapa anayevuna wimbi mwezi wa Mei. Mama aliambiwa kwamba kilichoandikwa na padre hakibadilishwi, na Walter akakua na siku ya kuzaliwa isiyo yake.

Mwaka 1921 alipelekwa shule ya misheni upande wa Mosocho, akakaa huko miaka saba, akajifunza kusoma, kuandika, useremala kidogo na katekisimu nzima kwa moyo, swali na jibu, bila kukosea hata neno. Tarehe 8 Septemba 1929 alifanywa katekista wa kigango chetu, kazi aliyoifanya kwa bidii iliyowachosha hata waliompenda, kwani alitembea vilima hivi vyote kwa miguu, mvua ikinyesha na jua likiwaka, akifundisha wazee na watoto kujibu maswali kama alivyofundishwa, yeye akiuliza, wao wakijibu kwa sauti moja, na asiyejibu sawasawa habatizwi.

Jumamosi tarehe 9 Januari 1932 alifunga ndoa na Nyamoita, binti wa Nyamira, mke wake wa pekee, ambaye yuko hapa mbele yetu. Mungu aliwajalia watoto watano. Wawili wa kwanza, Kizito wa 1933 na Yustina wa 1935, walipewa majina ya watakatifu yaliyochaguliwa misheni, na watatu waliofuata, Nehemiah wa 1940, Persis wa 1943 na Tryphosa wa 1946, walipewa majina na baba yao, na sababu ya tofauti hiyo mtaisikia.

Mwaka 1937 alikuwepo katika mafundisho ya ubatizo mjane mmoja aitwaye Nyanchera, mtu mzima, asiyejua kusoma, ambaye aliishi na kesi za mipaka ya shamba maisha yake yote. Ninyi mnajua kwamba wazee wa huku hawakubali ushahidi wa mpaka unaotolewa kwa mdomo tu, shahidi lazima atembee mpaka kwenye mti wenyewe uliopandwa mpakani auguse. Basi Walter alipofika kwenye swali la nani aliyepewa mamlaka ya kufundisha na kuamuru kwa niaba ya Mungu, na wenzake wakajibu kwamba ni Papa, maaskofu na mapadre, Nyanchera alisema hana ugomvi na jibu hilo, ila anaomba katekista ashike kidole chake akiweke juu ya maneno hayo katika kitabu cha Mungu, apaguse, kisha abatizwe. Walter alicheka, akamwahidi kumletea aya Jumamosi inayofuata.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomwondolea usingizi. Hakuwa na Biblia, ila katekisimu, kwa hiyo alishuka Kisii mjini akanunua Agano Jipya la Kiswahili katika duka la Gulled, Msomali, ambaye aliuza kila kitu. Aya ya kwanza aliipata upesi, kwa Mathayo sura ya kumi na sita, Petro akiahidiwa funguo za ufalme, akashika kidole cha Nyanchera akakiweka pale, na yule mama akafurahi, kisha akauliza ni wapi sasa funguo zilipotoka kwa Petro zikaja kwa padre wetu. Walter alitafuta miezi minne. Alikuta sura mbili mbele mamlaka ile ile ya kufunga na kufungua ikipewa wanafunzi wote, akakuta Paulo akimpinga Petro uso kwa uso huko Antiokia bila kuomba ruhusa, akakuta Petro mwenyewe akijiita mzee, mwenzao wa wazee wengine na kuwakataza kulitawala kundi kwa ubwana, akakuta Bwana akisema tusimwite mtu baba duniani, na mwisho wa barua kwa Warumi akakuta Paulo akiwasalimu watu wa Roma mmoja mmoja kwa majina, akina Persis na Tryphosa, majina ambayo baadaye aliwapa binti zake, na Petro, ambaye tunaambiwa alikuwa askofu wa mji huo, hakusalimiwa.

Hakuwa mtu wa kudhulumu hoja. Katika daftari lake aliandika pia aya zilizomwelemea, Paulo akiliita Kanisa nguzo ya kweli, na Paulo huyo huyo akiwaambia Wathesalonike washike mapokeo waliyofundishwa kwa maneno na kwa barua, akaandika chini yake kwamba hizi lazima padre aelezwe na yeye aeleze. Tarehe 2 Aprili 1938 alikwenda misheni na daftari mkononi, akapiga magoti kama desturi, akauliza. Padre angeweza kujibu, maana alisoma miaka mingi, wala Walter hakutaka kumshinda, alitaka kusaidiwa. Padre alimjibu kwamba Kanisa ndilo lililotoa Biblia, kwa hiyo katekista hana haki ya kulihoji Kanisa kwa Biblia, na kwamba kitabu alichonunua ni cha Waprotestanti, akichome. Walter aliuliza kama Waberoya walichoma chao, wale waliosifiwa kwa kuyachunguza maandiko waone kama Paulo mwenyewe alisema kweli. Alitolewa nje.

Jumapili tarehe 19 Juni 1938 barua ilisomwa kanisani, kwamba Walter si katekista tena, kwamba asipotubu hadharani na kuchoma kitabu asihesabiwe kuwa ndugu wa yeyote katika kigango, na kwamba mkewe hatapewa komunyo mpaka mumewe atubu. Chini yake palikuwa na alama za vidole gumba za wazee watatu wa kigango. Wawili wamekufa. Wa tatu ni Obwocha huyu, ambaye siku hizo hakujua kusoma, ambaye aliwekewa karatasi mbele akaambiwa weka kidole, akaweka, na hakuuliza imeandikwa nini kwa sababu aliyemwambia alikuwa padre. Aliyafahamu maneno hayo siku yaliposomwa, akiwa amekaa benchi la mbele, na hakusimama. Hasemi haya ili aonewe huruma.

Gulled, ambaye yuko hapa na ambaye hana sehemu katika dini yetu, alimpa Walter kazi dukani mwezi Agosti mwaka huo, ya kukata vitambaa na kuwaandikia wateja barua, akimtania kwamba Wakristo wana bahati ya kumfukuza mtu kwa kusoma, kwao mtu hufukuzwa kwa kutosoma. Huko ndiko Walter alikofanya kazi miaka kumi na minane, na huko nyuma ya duka, mwaka 1949, alimfundisha Obwocha kusoma, bila kumtajia ile barua hata mara moja, jambo ambalo lilimuuma Obwocha kuliko kama angepigwa.

Nyamoita hakuacha kanisa wala mume. Kila Jumapili, kwa miaka hiyo kumi na minane, alikwenda misa, na watu walipoinuka kupokea, yeye alitoka akasimama nje kwenye ukuta, wapita njia wakimwona. Walter aliyavumilia yote isipokuwa hilo.

Alianza kuugua kifua mwezi Februari 1956, akalazwa hospitali ya Kisii mara mbili, na mwezi Julai tukamrudisha nyumbani. Tarehe 6 Agosti padre mwingine, kijana, alikuja na upole mwingi, akasema hahitaji toba ya hadharani tena, neno moja tu kitandani, kwamba nilikosea, na mke atapokea Jumapili ile ile. Walter hakumwomba aya. Alimtazama Nyamoita, akalia, akasema atalisema. Alikuwa amefungua kinywa, sisi sote tuliona, Nyamoita alipokiziba kwa kiganja chake, akasema kwamba hakusimama nje miaka yote hiyo ili mumewe aje kusema uongo siku ya mwisho, na kwamba mkate ulionunuliwa hivyo ungemkaba kooni. Padre akaondoka.

Walter alifariki Jumanne tarehe 14 Agosti 1956, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba kwa hesabu ya padre. Kengele haikupigwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni, maji na ndizi bila kuitwa, Gulled na watu wa dukani waliobeba jeneza, na wakwe wa Nyamira. Kwa kigango hatuna shukrani, wala hatutajifanya tunazo. Jana jioni katekista wa sasa alileta ujumbe kwamba, kwa kuwa mume amekufa, kizuizi kimeondoka, na Nyamoita anakaribishwa kupokea komunyo Jumapili hii. Nyamoita amemwomba Obwocha amjibu mbele yenu, naye anamjibu hivi, kwamba Jumapili hii shemeji yake hana nafasi, yuko matangani kwa mumewe.

Walter, ndugu yangu, lala sasa kwa amani.