Pikipiki ya Verlin Mlimani

Mwenda pole naye hujikwaa, hasa akiwa na miaka sabini na nane na magoti mabovu. Ndivyo Verlin alivyojitetea ndani ya basi la kwenda mjini Missoula, ingawa magoti hayo hayakumzuia kuwahi kiti cha mbele. Nje, misonobari ilielea ukunguni.

"Mzee, njia ile imefungwa kwa magari," alisema Marit, mwindaji aliyeketi kando yake. "Siku ile nilitembea tangu alfajiri, bunduki begani. Kulungu yuko mbele yangu, kitoweo cha majira yote ya baridi, mara pikipiki yako ya magurudumu manne ikanguruma, naye akatoroka."

"Nilizima injini kileleni, binti. Nikawasikia kulungu wakiitana bondeni. Miaka sita sijawasikia."

Sauti hizo zilimfuata Marit hata usingizini. Basi likasimama.

"Angalau uniombe radhi," alisema Marit.

"Siombi."