Miguu Isiyohisi Mchanga wa Moto

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yesu, aliyeniwezesha kusimama tena mbele yenu, ingawa ni kwa magongo. Ejok, kama tunavyosalimiana Kiturkana.

Wengi mnanijua kama muuzaji wa mipira ya kupitishia maji hapa Kanamkemer, Lodwar. Wakimbizi wa Sudan walipoanza kukaa Kakuma, nilikuwa nikipeleka mali huko, na Jumapili nikibaki kuomba nao. Kanisa lao lilikuwa uwanja wenye uzio wa miiba. Kabla ya maombi walivua viatu na kusimama mchangani, hata saa sita mchana. Niliipenda heshima hiyo.

Wenzangu walibadilisha miguu, huu juu, huu chini. Mimi nilisimama tuli mpaka amina ya mwisho. Rafiki yangu Shemasi Majok alicheka: "Sisi tunaruka kama mbuzi, mzee wa Lodwar amesimama kama nguzo. Hii imani ni kubwa."

Ndugu zangu, nilimwamini. Nilimshukuru Mungu kwa neema ya kutosikia moto.

Mke wangu, Mama Esta, aliona malengelenge kwenye nyayo zangu. "Baba Esta, hii imeiva kama chapati na wewe hulii? Enda hospitali." Nikamjibu kwamba jeraha la maombi halipelekwi hospitali. Jibu langu lile bado linaniuma.

Malengelenge ya mguu wa kushoto yalipasuka, kidonda kikakataa kufunga, vidole vikawa vyeusi. Ndipo nilipokubali kupelekwa hospitali ya Lodwar. Daktari aliweka vidole vyake juu ya mguu wangu, akatafuta mpigo, asiupate.

"Mzee, Lodwar yote inatoka jasho, lakini huu mguu wako ni baridi."

Akapima sukari. Ilikuwa juu sana, na alisema lazima ilikuwa hivyo kwa miaka. Kiu niliyodhani ni ya jua letu ilikuwa kisukari.

Niliomba anieleze, kisha nikasoma kitabu alichoniazima. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, huharibu neva za miguu, mtu asihisi moto wala mwiba. Huharibu pia kuta za ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Ateri yenye afya hutanuka moyo unapopiga, kisha hurudi. Ya mgonjwa hukakamaa, na njia yake ya ndani huwa nyembamba. Damu ya kutosha haifiki miguuni, na kidonda kisichopata damu hakiponi. Ndugu zangu, nimetupa mipira mingi iliyokakamaa juani, na sikujua kwamba nimebeba mingine mwilini.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Majok alikuja wodini akaketi kitandani pangu. "Mzee, tulisifu ugonjwa wako," alisema, akalia. Nilimwambia kwamba nami nilijisifu.

Kakuma bado wanavua viatu, lakini wanaomba alfajiri, na baada ya amina kila mmoja hutazama nyayo za jirani yake. Mama mmoja alikutwa na mwiba asiouhisi. Alipimwa mapema, miguu yake yote miwili ipo.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu, na msione haya kuvua soksi mbele ya daktari. Niliomba mguu upone, sikupata, lakini niliachiwa uhai, na mguu wa kulia. Mpigo wake ni hafifu. Mama Esta huutafuta kila asubuhi kwa vidole vyake, na akiupata ndipo tunaposema amina.