Mara Kumi na Tisa Mchangani

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na alasiri hiyo lilibeba wanaume watatu wasiojua kupumzisha midomo. Mzee Gia, dereva mstaafu wa lori, alikuwa na simu mkononi tangu adhuhuri, kahawa yake imepoa wala hana habari. Binti yake yuko njiani peke yake: jangwani kwanza, halafu miji mitatu ya pwani, kila mji zahanati moja ya kushushia dawa. Tajiri mwenye lori alishasema, saa kumi ikimkuta hajamaliza, lori anapewa mtu mwingine. Na aliyemwombea hiyo kazi ni baba mtu, kwa mdomo wake mwenyewe. Asubuhi alipiga simu akiingia jangwani. Tangu hapo, kimya.

— Saa tisa hii, akasema Profesa, yule kinyozi. Mchanga umemshika. Angejaza upepo matairi mpaka yalie, angepita.

— Ujaze kichwa chako! akafoka Mzee Gia. Kwenye mchanga upepo unapunguzwa. Wewe shika mkasi wako.

— Jangwa lile lina barabara mbili, akadakia Redio, fundi viatu. Moja ya kweli, moja ya mvuke wa jua. Ukiingia ya pili, unaendesha na mafuta hayaishi.

— Hayaishi?

— Hayaishi! Kuna dereva alitoka huko akakuta wajukuu wameoa.

— Hiyo cha mtoto, akasema Profesa. Jua la kule linanyanyua lori. Unakanyaga breki, kumbe uko hewani. Ndiyo maana simu haishiki.

— Akiwa hewani si ndiyo ingeshika vizuri? akauliza Redio.

Mzee Gia alitaka kucheka, akashindwa. Alikuwa anaogopa, basi, na watu wa kuwaambia ndio hawa.

Simu ikalia. Akaweka spika.

— Baba, shikamoo. Nimemaliza. Zahanati ya tatu wamesaini sasa hivi.

— Marahaba, mwanangu! Ulikuwa wapi wewe?

— Simu iliisha chaji, nimeichomeka hapa zahanati. Nilizama mchangani. Nikapunguza upepo, nikatandika zile mbao mbili chini ya matairi. Nasogea kidogo, nashuka, nazichimbua, natandika mbele, napanda tena. Mara kumi na tisa, baba! Mikono imechubuka yote. Lakini nilipoanza kuiona bahari, we acha tu. Nimeimba mji hadi mji.

Simu ilipokatika, benchi likalipuka.

— Damu ya Gia hiyo!

— Si nilisema matairi? akauliza Profesa bila aibu.

— Mwalimu wake nani? Mzee mwenyewe huyu hapa!

Mzee Gia akatoa kifua mbele. Sifa zilimwingia vizuri, akaagiza kahawa kwa wote.

Pembeni alikuwapo mama mmoja aliyesubiri kisigino cha kiatu chake kigongomewe, mguu mmoja peku. Hawakuwahi kumwona pale.

— Samahani, wazee wangu. Hapa, nani amewahi kuipita njia hiyo peke yake?

Profesa akaanza kufuta mkasi uliokuwa safi. Redio akatafuta msumari aliokuwa ameubana mdomoni. Macho yote yakamgeukia Mzee Gia.

Miaka thelathini alikaa kwenye usukani kivulini, utingo nje juani akiburuta mbao, na yeye dirishani akipiga kelele, “Fanya haraka!” Angeweza kunyamaza, nani angejua? Akaweka kikombe chini, akasimama.

— Mimi nilikuwa na utingo. Mbao zile sijawahi kuzigusa, hata siku moja.

Hakuna aliyemcheka.

— Sasa mnisikilize vizuri. Kuanzia leo sitaki kusikia mtu akimwita binti wa Gia. Mkiulizwa mimi nani, semeni ni baba yake yule dereva.