Engage ni Mbuzi Ngapi?

Pale Mukuyuni, kati ya kinu cha posho na duka la mbegu, kuna benchi lililotengenezwa kwa ubao wa nyuma wa lori. Lori lilikufa, dereva akabaki, akaona si vizuri waachane. Watu wa huku wamelelewa kwa chai ya maziwa, lakini Kathini aliishi Mombasa miaka kumi na mmoja, akarudi na birika la kahawa na ubishi, na siku hizi hakuna mzee wa maana anayeanza Jumamosi bila kikombe chake kichungu. Jumamosi hiyo Mutunga alifika wa kwanza, simu mkononi, furaha imempanda mpaka kofia imekaa upande. Binti yake Yvonne, nesi kule Emali, alikuwa amemtumia picha ya kidole chenye pete, na chini yake ameandika: "Dad, I'm engaged!"

— Kamusi, shika hii simu usome. Engaged. Hiyo neno ina maana gani hasa? Nataka mizizi, sitaki majani.

Mwalimu mstaafu Kitonga, aitwaye Kamusi kwa sababu hatoki nyumbani bila kamusi yake nene ya Kiingereza, alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

— Polepole, Tangi. Neno la Kiingereza halimenywi mara moja.

Mutunga walimpa jina la Tangi kwa sababu hujenga matangi ya maji, na pia kwa sababu akijaa neno hufurika. Akafurika.

— Pete nimeona. Mbuzi ziko wapi? Kijana ana-engage msichana wa Mkamba na kachuma ka kidole? Bila ntheo? Mimi nilipomchukua Katunge nilipeleka mbuzi tatu! Moja ilikuwa nyeupe, sikio moja nyeusi. Hiyo mbuzi ilikuwa na adabu kuliko watu.

— Tunaijua, — Kathini alisema akimimina. — Tumeisikia mpaka tunaweza kuichora.

Ntheo ni wale mbuzi wa kwanza wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana. Bila hao Mkamba hajaoa, hata akizaa timu nzima ya mpira. Sasa lazima lisemwe jambo ambalo benchi halikulijua: yule mbuzi mweupe mwenye sikio jeusi hakuwahi kuzaliwa. Miaka ishirini na tisa iliyopita Mutunga alimtoa Katunge kwao Matiliku na sanduku moja la bati, akaahidi mbuzi baada ya mvua. Mvua haikuja. Akaja Yvonne, ikaja karo, kisha aibu ikaota mizizi, na siku moja hapa hapa kwenye benchi akaulizwa kwa utani, naye akamtunga yule mbuzi papo hapo. Tangu siku hiyo anamlisha kwa maneno. Baba mkwe wake, mzee Mbuvi, hajamtukana hata mara moja. Kila Krismasi humpokea kwa upole: "Karibu, mgeni." Hajawahi kumwita jina lingine. Na desturi haina huruma: asiyetoa ntheo ya mama hapokei ntheo ya binti. Mbuzi wa Yvonne wangempita Mutunga mlangoni, waende Matiliku. Alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alipiga kelele kuliko wote.

— Hiyo neno ni ya magari, — alisema Mbithi, mwenye benchi, aliyeendesha malori Mombasa Road mpaka akaitwa Gia. — Engage na engine ni mtu na ndugu yake. Unakanyaga klachi, unaingiza gia, meno inashikana na meno. Hapo ume-engage. Yvonne na huyo kijana meno imeshashikana, Tangi. Utaitenganisha na nini? Haraka haraka haina baraka!

— Hiyo methali imeingiaje hapo? — Kamusi aliuliza.

— Imeingia na namba moja.

— Nyinyi hamjui, — Kathini akadakia. — Mimi nilishika simu kwa hoteli kule Mombasa, zile simu za waya. Ukipiga na mtu mwingine yuko kwa laini, unaambiwa, engaged. Maana yake, pole ndugu, umechelewa, kuna mtu anaongea. Hiyo pete ya Yvonne ni kuwaambia wanaume wengine wakate simu.

Benchi lilicheka mpaka mwenye kinu akachungulia. Mutunga alicheka pia, tena kwa sauti, kwa maana simu na gia hazina mbuzi ndani yake. Lakini Kivuva alikuwa anajikohoza. Kivuva ni shemasi, wanamwita Nabii, na akianza kukohoa hivyo huwa ametoka mbali.

— Mnazunguka tu. Engage ilianza Edeni. Adamu alitoa nini ndio apewe bibi? Ubavu! Ubavu yake mwenyewe! Mungu alimwambia, kijana, huwezi kuchukua binti yangu mikono mitupu. Hiyo ndiyo ntheo ya kwanza duniani.

— Lakini ubavu ni moja na mbuzi ni tatu, — Gia alisema.

— Maisha imepanda.

— Ngojeni! Ngojeni! — Kamusi alikuwa ameinama juu ya kitabu, pua inakaribia kugusa karatasi. — Nimeipata. Wazee, nimeipata! Hili neno Waingereza walilitoa kwa Wafaransa wa zamani. Gage. Gage ni kitu unaweka kwa mkono wa mtu ndio aamini neno lako. Rehani! Ukishaiweka, wewe umejifunga, uko ndani ya gage. Hata wanaume wakitaka kupigana, mmoja anatupa glavu yake chini, hiyo ndiyo gage, hakuna kurudi nyuma. Na sikieni hii! Wed, ile ya wedding, ni ya ukoo huo huo. Kuweka rehani!

Benchi lililipuka. Nabii alisimama wima, kahawa ikamwagikia viatu, wala hakuona.

— Kwa hivyo Mzungu alikuwa na ntheo!

— Alituibia! — Gia alipiga ubao kwa ngumi. — Babu zetu si walikuwa wanatembea na pembe za ndovu mpaka pwani kuuza? Huko wakakutana na Mfaransa. Mfaransa akaona Mkamba anafunga mbuzi kwa mlango ya watu, akauliza, mzee, hii ni nini? Akaelezwa, akaandika kwa kitabu, akabeba mpaka Ulaya. Huko mbuzi zikashindwa na baridi!

— Ndio wakabaki na kamba! — Kathini akainua birika juu. — Angalieni hiyo pete vizuri. Duara! Hiyo ni kamba ya mbuzi imepungua!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Gia alipaza sauti.

— Hiyo nayo imepotea njia, — Kamusi alisema, lakini machozi ya furaha yalikuwa yanamtoka. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na hakuna darasa lililowahi kumshangilia hivi.

Mutunga naye alikuwa amepandwa na mori, akasahau kabisa yeye ni nani.

— Iandike hapo, Kamusi! Bila kitu kuwekwa, hakuna engaged! Neno bila mbuzi ni upepo!

Alipomaliza tu kusema, maneno yakamrudia yakamkaa kifuani. Aliketi.

Wakati huo gari dogo jeupe lilisimama mbele ya kinu. Akashuka mzee mrefu mwenye koti la suti na viatu vya kazi, akavua kofia kabla hajafika kwenye benchi.

— Hamjambo, wazee. Natafuta Mzee Mutunga. Mimi ni Ngure, nauza spea hapo Emali. Mbugua, yule wa pete ya Yvonne, ni kijana yangu.

Walimpisha katikati ya benchi. Mutunga alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwita muthoni, na kwa kuwa mkwe ni muthoni kwa Mkamba na kwa Mkikuyu vilevile, Ngure alitabasamu kama mtu aliyefika kwao.

— Watu wetu watakuja Jumamosi ijayo, — Ngure alisema. — Lakini mimi nimetangulia peke yangu nijifunze. Kwetu tukiposa tunapanda tawi kwa kina msichana, hiyo yetu tunaijua. Yvonne ameniambia hapa ni ntheo, na sitaki kukosea kwa mlango ya watu. Sasa nauliza kitu kidogo tu. Wakati muthoni wangu alipeleka mbuzi kwa kina Mama Yvonne, ni nani kati yenu alimsindikiza? Huyo ndiye naomba atuonyeshe njia.

Lilikuwa swali jepesi. Mbuzi wa ntheo hawapelekwi na mtu peke yake, hilo hata mtoto wa shule anajua. Gia alimgeukia Kivuva.

— Nabii, si ni wewe ulienda?

— Mimi? Nilikuwa chuo ya Biblia. Siku zote nilijua ni wewe.

— Mimi nilikuwa barabarani na lori. Si ni Kamusi alishika kamba?

— Mimi nilihamia hapa juzi tu, nilimkuta Yvonne akiwa darasa la sita.

Walitazamana, kisha wote pamoja wakamtazama Mutunga. Kathini aliinamisha birika ajaze kikombe cha mgeni, likatoa matone mawili, likanyamaza.

Mutunga angeweza kumtaja marehemu yeyote. Marehemu hawakatai. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini alimwona Ngure amekaa na kofia magotini, mtu aliyeamka alfajiri akaendesha gari kutoka Emali ili asikosee kwenye mlango wa watu, na aibu ya miaka ishirini na tisa ikamshinda nguvu.

— Hakuna, — alisema. — Hakuna mtu alinisindikiza. Sikuenda.

— Na ile nyeupe? — Gia aliuliza kwa sauti ya chini, ya msibani.

— Haikuwako.

— Ngai! — Nabii alijishika kichwa. — Kumbe ndio maana mzee Mbuvi anakuitanga mgeni! Tangi, hizo mbuzi za Yvonne basi si zako. Ni za Matiliku!

Ngure hakucheka. Aliiweka kofia kichwani.

— Sisi tunakuja Jumamosi ijayo. Leo ni Jumamosi hii. Mbuzi si nimeziona hapo sokoni nikipita? Desturi yenu siijui, lakini kama kinachokosekana ni mtu wa kusindikiza, mimi nina miguu.

— Muthoni anaruhusiwa kumsindikiza muthoni? — Kamusi aliuliza, akaanza kufungua kitabu.

— Funga hiyo, — Kathini alimwambia. — Hiyo maneno haiko ndani.

Gia alikuwa tayari anakimbilia pikapu yake, funguo zikilia mkononi.

— Mbuzi tatu na wazee watano, zote zinaenea! Umoja ni nguvu!

Kamusi akafungua mdomo amsahihishe, akakosa kosa.

Mutunga alipiga simu nyumbani.

— Katunge, vaa vizuri. Tunaenda kwenu.

— Nani amekufa?

— Hakuna. Napeleka mbuzi.

— Mbuzi gani?

— Zako. Za ntheo.

Kinu kilisaga, kikasaga. Mutunga alidhani laini imekatika, akaitoa sikioni akaitazama, dakika zilikuwa bado zinahesabu.

— Baba Yvonne.

— Naam.

— Usilete tu mbuzi yoyote. Wamama wa kikundi wameniuliza hiyo mbuzi miaka hii yote, na mimi nawaambia ndio, niliiona. Tafuta nyeupe yenye sikio nyeusi. Leo na mimi nataka kuiona.